Kwa nini tunasahau? Mtoto wa mtihani, na nyanya anayeuliza jambo moja mara nne

Mwalimu wa Mkomani

Asalaam aleikum wanajukwaa.

Kila mitihani ikikaribia hapa Lamu, wazazi hunijia na malalamiko yaleyale. Mtoto amekesha na daftari, usiku ukimuuliza anajibu, asubuhi akiketi mbele ya karatasi hana kitu. Majirani watasema ana kichwa kizito, wengine watasema amepigwa jicho. Na ndani ya nyumba hiyohiyo huwa yupo nyanya anayeuliza jambo moja mara nne kabla ya adhuhuri, naye husemwa ni uzee tu, mwacheni. Naona tunawakosea wote wawili. Mtoto tunamlaumu kwa jambo ambalo ubongo wa kila mtu hulifanya, na nyanya tunamwacha peke yake na jambo ambalo huenda ni maradhi. Nasomesha baiolojia na suala hili limenishughulisha miaka mingi, kwa hivyo nitaandika kwa urefu. Mwenye swali aulize, mwenye ujuzi atuongezee.

Nianze na mtu mmoja, maana wataalamu wa ubongo wamejifunza kwake mambo mengi mno. Henry Molaison, Mmarekani aliyezaliwa 1926, alisumbuliwa na kifafa kikali. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, daktari William Scoville alimpasua huko Hartford akamwondolea sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi. Hipokampasi ni kiungo kidogo kilichojikunja ndani ya ubongo usawa wa masikio, kimoja kulia na kimoja kushoto. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku ile mambo mapya hayakumkaa tena.

Akili yake ilikuwa timamu. Alizungumza vizuri, aliwakumbuka wazazi wake na utoto wake. Mtafiti Brenda Milner alimfuatilia kwa miaka mingi, na kila alipoingia chumbani Henry alimpokea kama mgeni. Akipewa nambari aliweza kuishika maadamu anairudiarudia. Akikatizwa kidogo tu, nambari imekwenda, na hata kwamba alipewa nambari hakumbuki. Kisha Milner akampa kazi nyingine: afuate kwa kalamu mistari ya nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Jaribu nyumbani uone ilivyo ngumu. Siku ya kwanza alikosea sana, siku ya tatu alikuwa hodari, na bado hakukumbuka kwamba aliwahi kuifanya kazi hiyo. Alifariki 2008. Jina lake kamili halikuwa likitajwa kwa watu hadi alipokufa. Vitabuni aliitwa kwa herufi mbili tu.

Kutokana naye ilibainika kwamba kumbukumbu ziko za namna mbalimbali, na haziharibiki zote kwa pamoja. Kuna ile ya kushika jambo kwa muda mfupi, sekunde chache. Kuna ya matukio na habari, ambayo inahitaji hipokampasi ili ijengeke. Na kuna ya mikono, ya mazoea, ambayo ina njia zake nyingine ubongoni. Ndiyo maana fundi wa majahazi wa Matondoni anaweza kuyapoteza majina ya wajukuu wake na bado, ukimpa tezo, mkono ukaenda sawasawa kwenye ubao.

Sasa tuje kwa kusahau kwenyewe. Mengi tunayodai tumeyasahau hayakuwahi kuingia. Uwezo wa kushika mambo kwa wakati mmoja ni mdogo mno. Mwaka 1956 George Miller aliandika kwamba ni vitu kama 7 hivi. Baadaye Nelson Cowan, mwaka 2001, akaonyesha kwamba ukimzuia mtu asirudierudie wala asiviunganishe, ni kama 4 tu. Kwa hivyo mtu akiweka funguo huku anazungumza na simu, akili haikuwa na nafasi ya funguo. Hapo hakuna kilichopotea, kwa sababu hakuna kilichoandikwa.

Kinachoandikwa huandikwa kwenye maungio ya seli za neva. Mwaka 1973 Timothy Bliss na Terje Lømo walionyesha kwamba maungio hayo kwenye hipokampasi ya sungura yakisisimuliwa kwa nguvu hubaki na nguvu kwa saa nyingi baadaye. Eric Kandel yeye alimtumia konokono wa bahari, mnyama mwenye seli kubwa na chache, akaonyesha kwamba jambo la muda mfupi hubadilisha tu nguvu ya maungio yaliyopo, bali la kudumu huhitaji seli itengeneze protini mpya na kuotesha maungio mapya. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Naomba hili lishikwe vizuri: kujifunza ni ujenzi wa kweli, wa nyama, ndani ya kichwa, na ujenzi unataka muda. Mtoto anayesoma sura nzima kati ya saa nne na saa tisa za usiku hajaupa mwili wake muda huo.

Mtu wa kwanza kuupima usahaulifu kwa hesabu ni Mjerumani Hermann Ebbinghaus. Alijitumia mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana, akazihifadhi orodha kwa orodha, kisha akapima ni kiasi gani cha kazi alichookoa alipozihifadhi tena baadaye. Matokeo aliyachapisha 1885. Baada ya dakika 20 alikuwa ameokoa asilimia 58. Baada ya saa moja, 44. Baada ya siku moja, kama 34. Baada ya mwezi, 21. Tazameni hesabu hizo kwa makini. Hasara kubwa ni ya saa ya kwanza na siku ya kwanza. Baada ya hapo kinachobaki hung'ang'ania. Mtoto aliyejibu vizuri usiku akakosa asubuhi hana kasoro yoyote. Yuko palepale alipokuwa Ebbinghaus, na Ebbinghaus alikuwa mtu wa akili sana.

Na katika kazi hiyohiyo kuna hesabu nyingine ambayo ningependa ibandikwe kwenye ukuta wa kila darasa. Alikuta kwamba kurudia mara 38 kwa kugawanya katika siku 3 kulimfaa sawa na kurudia mara 68 ndani ya siku moja. Karibu nusu ya kazi, faida ileile.

Sababu nyingine za kusahau nazipitia haraka. Mambo yanayofanana huingiliana, ndiyo maana nambari mpya ya simu hukufukuzia ile ya zamani. Mwaka 1924 Jenkins na Dallenbach walikuta kwamba mtu akihifadhi kisha akalala husahau kidogo kuliko akihifadhi kisha akashinda macho kwa muda uleule. Na mara nyingi jambo limo, ila umekosa pa kulishikia. Jina liko kwenye ncha ya ulimi, unaijua hata herufi yake ya kwanza, halitoki, kisha unalipata unapotawadha. Kuna jaribio mashuhuri la wazamiaji huko Scotland, mwaka 1975, ambalo Godden na Baddeley waliwapa maneno wayahifadhi, wengine nchi kavu, wengine chini ya maji, na waliyakumbuka vizuri zaidi walipoulizwa mahali palepale walipoyahifadhia. Nalitaja kwa sababu wengi hulitaja, lakini lilirudiwa na matokeo ya utafiti huo mpya, yaliyochapishwa 2021, hayakuwa hayo, kwa hivyo msiliegemee sana.

Nasimama hapa kwanza.

Kijana wa Langoni

Mwalimu shikamoo. Mimi niko kidato cha nne. Nasoma kweli, wallahi. Napiga mstari kwa kalamu ya rangi, nasoma ukurasa mara tano, naona nimeelewa kabisa. Halafu ndiyo hayohayo uliyosema. Na marafiki zangu wanatafuna muguka ili wakeshe. Nifanyeje?

Mwalimu wa Mkomani

Marahaba mwanangu. Swali lako lina jibu lililofanyiwa utafiti wa wazi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma. Kundi moja liliisoma vipindi 4. Kundi lingine liliisoma kipindi 1 tu, kisha vipindi 3 likaiweka habari kando na kuandika kila linachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara nyingi walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliosoma tu walibaki na asilimia 40, na waliojitoa wenyewe walibaki na 61.

Umeona mtego ulipo? Ukisoma ukurasa mara tano, macho yanauzoea, na huko kuzoea unakuhesabu ndiyo kujua. Lakini mtihani haukuulizi kama ukurasa unaufahamu ukiuona. Unakutaka uutoe kichwani huku haupo mbele yako. Basi fanya zoezi la kuutoa. Soma mara moja kwa makini, funga kitabu, andika au sema kwa sauti yote unayokumbuka, kisha fungua uone ulipokosea. Kesho fanya tena kabla ya kufungua. Kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Itakuchosha na utajiona hujui, wala usivunjike moyo, maana ile taabu ya kutafuta ndiyo inayokaza.

Na jambo hili wala si geni kwetu. Wewe umepita chuoni. Mwalimu wa chuo hakukuambia utazame msahafu mara mia basi. Alikuketisha mbele yake, msahafu akaushika yeye, ukamsomea kwa ghaibu, ulipokwama akakutoa, na kabla ya kukupa somo jipya akakurudisha kwenye la jana na la wiki iliyopita. Kuna watoto wa miaka kumi na miwili hapa mjini wamehifadhi juzuu 30 kwa njia hiyo, kisha wakija darasani kwetu wanaambiwa hawana akili ya kushika. Linaniuma sana. Tumewapokea watoto waliokwisha kufunzwa namna bora ya kuhifadhi, nasi tukawapa kalamu ya rangi.

Muguka uache. Unakuondolea usingizi, na usingizi ndio saa ya kazi. Mwaka 1994 Wilson na McNaughton waliwapima panya, wakakuta seli za hipokampasi zilizofanya kazi pamoja mchana panya alipokuwa akizunguka, usingizini zinarudi kufanya kazi pamoja. Ubongo uliolala unadurusu. Ukikesha, unajinyima durusi hiyo.

Nahodha Mstaafu

Asalaam aleikum Mwalimu, na wanangu wote mliomo humu. Mimi nimeendesha majahazi ya boriti tangu Lamu hadi Mombasa na kwingineko, enzi hizo hatukuwa na karatasi mkononi. Miamba yote ya Kiwayuu kushuka chini ilikuwa kichwani, Kilimia ikichomoza wapi tunajua tunaelekea wapi. Mama yangu hakujua kuandika, na alikuwa akizisema tenzi usiku hadi watoto wanalala, hakosi ubeti. Leo mjukuu hajui nambari ya mamake bila simu. Je, vichwa vyetu vilikuwa vingine?

Na la pili. Safari za ujana wangu naziona kama za jana. Chakula cha jana sikikumbuki. Kwa nini ya zamani yakae, ya karibu yaondoke?

La tatu ni ugomvi. Siku ya ule mkasa wa bahari, tsunami ya mwezi wa Disemba 2004, mimi na ndugu yangu tulikuwa pamoja. Yeye anasema tulikuwa ufukweni tukayaona maji yakirudi nyuma. Mimi nasema tulikuwa barazani tukaletewa habari. Kila mtu ataapa. Hatusemani vizuri kwa ajili ya jambo hilo.

Mwalimu wa Mkomani

Aleikum salaam, shikamoo mzee wangu.

Vichwa havikuwa vingine, kazi ndiyo iliyokuwa nyingine. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walipiga picha za ubongo wa madereva wa teksi wa London, ambao hulazimika kuijua mitaa yote ya mji kwa kichwa kabla ya kupewa leseni. Walikuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao ni kubwa kuliko ya watu wengine, na kadiri dereva alivyofanya kazi hiyo miaka mingi ndivyo ilivyokuwa kubwa. Ubongo wako hakuna aliyeupima, mzee, lakini kazi ya kuijua miamba ni ya aina hiyohiyo.

Na tenzi zimejengwa kwa ajili ya kukaa kichwani. Kila kipande kina mizani 8. Vipande vitatu vina vina vya namna moja, cha nne kinabeba kina kinachopita utenzi mzima toka mwanzo hadi mwisho. Msomaji akisahau neno, yeye anajua tayari lina mizani mingapi na linaishia vipi, na yanayobaki kuchagua ni machache mno. Anaposema, kila ubeti unamvuta wa pili. Waliotutungia tenzi huko Pate na Lamu walijua hesabu ya kumbukumbu kabla ya maabara.

Kuhusu ujana: watu wazima wakiulizwa habari za maisha yao, kwa kawaida hutaja kwa wingi mambo ya umri wa miaka 10 hadi 30. Huo ndio umri wa mambo ya kwanza, safari ya kwanza, harusi, mtoto. Mambo ya kwanza hayana ya kuingiliana nayo, na umeyasimulia mara nyingi, na kila kusimulia ni kudurusu. Chakula cha jana kinafanana na cha juzi na cha siku zilizotangulia. Hilo peke yake lisikutie hofu.

Ugomvi wenu sasa. Nitausema kwa heshima: inawezekana nyote wawili mnasema kweli ya moyo, na mmoja wenu, pengine wote wawili, hakuwa pale anapojiona. Mwaka 1986 chombo cha anga za juu cha Marekani, Challenger, kilipasuka hewani. Kesho yake asubuhi Ulric Neisser aliwaandikisha wanafunzi wake walivyoipata habari: wapi, na nani, wakifanya nini. Baada ya miaka 2 na nusu hivi, yeye na Nicole Harsch waliwauliza tena wanafunzi 44. Robo yao walikosa kila jambo kuu waliloulizwa. Na walikuwa na uhakika mkubwa. Wakaonyeshwa karatasi zao wenyewe, kwa mwandiko wao, na bado kumbukumbu ile ya kwanza haikurudi.

Sababu ni kwamba tunapokumbuka tunatunga upya. Mwingereza Frederic Bartlett alilionyesha hilo mwaka 1932: aliwapa watu hadithi ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, ngeni kwao, na kila walipoisimulia tena ilizidi kufanana na mambo ya kwao. Wakadondosha yasiyoeleweka, wakaongeza ya kuunganisha, bila kukusudia kudanganya. Kisha mwaka 2000 Karim Nader na wenzake wakaliona jambo hilo kwenye seli za panya. Panya aliyekwisha kuijifunza hofu akikumbushwa hofu hiyo, kumbukumbu inarudi kuwa laini, inahitaji protini mpya ili ikae tena. Wakizuia protini wakati huo, hofu inatoweka. Jambo lililokwisha kukauka linakuwa bichi tena kila linapoguswa. Kwa hivyo simulizi uliyoisimulia mara nyingi ni yenye nguvu sana, na pia ndiyo iliyopata nafasi nyingi za kubadilika. Ndugu yako amekwisha kuona mara ngapi picha za bahari ikirudi nyuma kwenye televisheni? Zinaingia, zinashika mahali. Salimianeni, mzee wangu. Hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Binti Shela

Mwalimu umenishtua. Mimi nafanya kazi ya kuandika maelezo ya watu kwenye migogoro ya mashamba. Wazee wanakuja kusema mpaka ulipita kwenye mnazi fulani mwaka fulani. Kesi nzima inasimama kwenye kumbukumbu ya mtu mmoja. Tusiwaamini?

Mwalimu wa Mkomani

Waaminini, ila mchunge namna mnavyouliza. Elizabeth Loftus na John Palmer, mwaka 1974, waliwaonyesha watu filamu ya magari yakigongana. Wengine wakaulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipogongana, wengine yalipopondana. Neno lile moja likabadilisha mwendo waliokadiria. Baada ya wiki wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwepo. Walioulizwa kwa neno la kawaida, asilimia 14 walisema waliviona. Walioulizwa kwa neno kali, asilimia 32.

Kwa hivyo usimwambie mzee "mpaka ulipita kwenye ule mnazi, sivyo?" Mwambie "nieleze mpaka ulivyopita," kisha unyamaze. Umuulize kila shahidi peke yake, kabla hawajakaa baraza moja wakalizungumza. Na uandike mapema, maneno yake yeye, usiyanyooshe. Tena mpelekeni shambani kwenyewe. Mtu akisimama mahali, yapo yanayomjia ambayo ofisini hayakumjia.

Muuguzi wa Malindi

Wenzangu, ule upande wa nyanya uliotajwa mwanzo naona umeachwa nyuma, nao ndio unaonitoa machozi kazini. Niruhusuni.

Uzee wa kawaida hupunguza kasi. Jina linachelewa, miwani inatafutwa, lakini mzee ukimkumbusha anasema "ah, kweli". Ninayoyaogopa ni haya: anauliza jambo lilelile dakika chache baada ya kujibiwa na hajui kwamba aliuliza, anapotea kwenye njia aliyoipita maisha yake yote, anashindwa kupika chakula alichokipika miaka arubaini, pesa hawezi kuzihesabu, tabia imebadilika, anawashuku watu kwamba wamemwibia. Haya yakizidi mwezi baada ya mwezi, huo si uzee. Ni dimenshia, yaani ubongo unaugua. Duniani wanaoishi nayo ni zaidi ya milioni 55, na asilimia 60 hadi 70 kati yao ni maradhi yaliyopewa jina la daktari Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906 alieleza kisa cha mgonjwa wake Auguste Deter. Alipoutazama ubongo wa yule mama baada ya kufa, alikuta mabonge kati ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Mara nyingi uharibifu huo huanza karibu na ile hipokampasi ya Mwalimu, ndiyo maana la leo linapotea na la ujana linabaki.

Sasa nisikilizeni watu wa Kilifi hasa. Kaunti yetu hii wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi. Wengine wamekimbilia Kaya Godoma huko Ganze kuokoa roho zao. Tamaa ya ardhi pia imo humo, kila mtu analijua hilo. Lakini fikirini mzee mwenye dimenshia anavyoonekana. Anatoka usiku wa manane. Anakutwa uani kwa watu, hajui amefikaje. Anazungumza peke yake, anamwita mtu aliyekufa zamani. Akiulizwa alikuja kufanya nini hana jibu, na asiye na jibu huhukumiwa. Mtu huyo ni mgonjwa. Hana ubaya wowote anaoufanya, hajui hata yuko wapi. Ukimwona mzee wa hivyo mtaani kwako, mshike mkono umrudishe kwao na uwaambie watu kwa sauti kwamba anaugua.

Na asiachwe bila kupimwa, kwa sababu zipo sababu za kusahau zinazotibika. Upungufu wa vitamini B12. Tezi ya shingo kufanya kazi kidogo. Huzuni nzito baada ya msiba. Kutosikia vizuri. Pombe. Baadhi ya dawa, hasa za usingizi na zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi. Na mzee aliyekuwa sawa juzi, leo ghafla amechanganyikiwa, huyo msingoje hata kesho. Huenda ana homa ya mkojo au mapafu, au sukari imeshuka, au ni kiharusi. Huyo ni wa dharura.

Dimenshia yenyewe haina dawa ya kuiponya. Lakini presha na sukari zikidhibitiwa, sigara ikiachwa, mwili ukitembezwa, hatari inapungua, kwani mishipa inayoharibika moyoni ndiyo inayoharibika na kichwani.

Binti Shela

Dada Muuguzi, umemtaja mama yangu bila kumjua. Kila jioni ananiuliza, baba amefika? Baba alifariki zamani. Nikimwambia amefariki analia upya kama ndiyo kwanza anasikia. Kesho anauliza tena. Sijui nidanganye?

Muuguzi wa Malindi

Pole mno mdogo wangu. Habari ile kwake ni mpya kila mara, kwa hivyo kila ukimwambia unampa msiba mpya, na hakuna faida anayoibakisha. Wala hakuna haja ya kumwambia baba yuko njiani. Mara nyingi anachouliza hasa ni kama yuko salama, maana jioni wagonjwa hawa huzidi kuchanganyikiwa. Mwambie "umemkumbuka baba leo, nihadithie mlivyokutana". Yale ya zamani anayo, atakuhadithia, na moyo utatulia. Washa taa mapema kabla ya magharibi. Mambo ya siku yafuate mpango mmoja. Usimjaribu kwa maswali ya "mimi ni nani?", jitaje mwenyewe unapoingia. Na wewe upumzike, mpangiane zamu na ndugu zako, kazi hii humwangusha anayeibeba peke yake.

Nahodha Mstaafu

Mwanangu wa Shela, mama wa mwenzetu ni mama yetu. Akija huku mjini kwenye gati tutamtambua, tutamrudisha.

Binti Shela

Ahsanteni wote. Ami Nahodha, Mungu akuzidishie. Wiki ijayo nampeleka hospitali. Dada Muuguzi, nibebe nini?

Muuguzi wa Malindi

Beba dawa zote anazotumia, na pakiti zake, hata za duka na za miti shamba. Andika ni lini ulianza kuona mabadiliko na yalianza na jambo gani. Nenda na mtu anayeishi naye nyumbani, kwani yeye mwenyewe atamwambia daktari hana neno. Na mvishe miwani yake kama anayo, wamtazame na masikio kabla ya kumpa maswali ya kumbukumbu, kwa sababu asiyesikia swali huandikiwa kwamba hajui jibu.